Ile "Therefore" Uliyoizungushia Duara

Pugu Kajiungeni,
Dar es Salaam.
9 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Polikarpo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na huko Songea mvua zimeanza? Sie wazima, ila joto si mchezo. Mama alikuwa na malaria, sasa anakula vizuri.

Mjomba, nimefaulu! Alhamisi nilitetea tasnifu yangu. Asante kwa kunisahihishia Kiingereza chote, kurasa mia na ishirini, bila kulalamika.

Unakumbuka niliandika kwamba wajawazito wa huku wanajua tarehe zao za kliniki lakini wanachelewa. "Therefore", yaani kwa hiyo, ni wazembe. Ukaizungushia duara jekundu, ukanipigia simu: "Noela, hiyo 'therefore' umeitoa wapi? Uzembe umeuona, au umeuunganisha tu kwa neno?" Nilinuna, kusema kweli. Unesi miaka tisa, nikajiona nawajua.

Nikarudi kwa Benedicta, mmoja wa niliowahoji, nikamuuliza sababu. Akasema, "Sista, maji yanatoka asubuhi tu. Nikiacha foleni ya bombani, nyumbani hatupiki. Nikifika kwenu mmeshafunga, na unanifokea." Wenzake saba wakasema hivyohivyo. Nilikosa pa kuweka uso, maana kweli nilikuwaga nawafokea.

Nikafuta, nikaweka "however": tarehe wanazijua, hata hivyo maji yanawashika. Sura nzima ya nne ikabidi niiandike upya.

Kwenye utetezi nilikuwa nimekariri viunganishi vizito, "furthermore" na "consequently", nikaanza kujiumauma. Mtahini, Dokta Gaudens, akasema, "Hizo ziache kwenye karatasi. Mdomoni sema 'so' na 'but', tukuelewe." Nikapumua, nikaongea. Kisha akauliza: "Unajuaje si uzembe?" Mjomba, nilitamani ungekuwepo ulisikie jibu langu: "Nilirudi, nikawauliza wenyewe."

Mganga mfawidhi wetu ameisoma ile sura, na tangu Jumatatu tunapokea wajawazito mpaka saa tisa alasiri. Benedicta amejifungua salama, mtoto wa kike. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipakatisha mtoto, akaenda zake kuoga.

Nisalimie sana Mama Albano, na binamu yangu Herieth umwambie namngoja likizo. Mungu awape uzima na mavuno ya kutosha.

Mimi mpwa wako nikupendaye, mwenye shukrani tele,
Noela