Nchi Niliyojaza kwenye Fomu ya Korongo

Jumamosi, 3 Januari 2026

Nimejiunga! Mimi Rosine, fundi cherehani wa Majengo nisiye hata na kibao cha jina mlangoni, leo ni mwanachama wa Dhahabu wa Korongo, duka la mtandaoni. Mwaka mzima. Mzigo unaletwa bure, ndani ya siku mbili. Nimeagiza kale kadude ka kuchomeka nyuma ya TV ili ishike mtandao. Nilijaza fomu mvua ikipiga bati, na nusu ya akili yangu ilikuwa huko huko juu na mvua. Jina, simu, nchi, mtaa. Nimekubali, nimekubali, nimekubali. Nani anasoma yale masharti?

Yote haya ni kwa ajili ya mama mkubwa, Sista Joséline. Tarehe mbili Februari anatimiza miaka hamsini ya nadhiri. Yuko Burundi, kwenye monasteri ya wale watawa wa ndani – hawatoki, simu hawashiki, ni barua tu, mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1972 babu alipokimbia mauaji na familia, yeye alikuwa shuleni kwa masista, akabaki. Mama alikuwa na miaka minane. Hajamwona dada yake tena, wala kusikia sauti yake. Sasa barua ya Krismasi imesema misa itaonyeshwa moja kwa moja, kwenye chaneli ya dini iliyo ndani ya app ya Korongo. Humo tu! Simu yangu haimsaidii mama, ana mtoto wa jicho, anaona kitu kikiwa kikubwa. Kwa hiyo TV.

Nimemwambia. Akauliza avae nini. Nikasema mama, yeye hatakuona. Akasema analijua hilo, yeye ameuliza avae nini.

Jumatano, 7 Januari

Siku mbili zimekuwa nne. Ujumbe wa Korongo unasema mzigo wangu uko njiani kwa furaha. Kwa furaha ya nani?

Msimu wa sare za shule, sketi za bluu mpaka kwenye kochi. Nashona huku namtengeneza mama mkubwa kichwani. Leo nimempa masikio ya mama, yale yaliyosimama. Nimempa na mwendo wa polepole, kwenye ukumbi mrefu wenye sakafu iliyong'aa. Niliporudi duniani nilikuwa nimeshona zipu nyuma mbele. Nimefumua yote.

Jumatano, 14 Januari

Ujumbe: mzigo umefika Kigoma, unasubiri kuvuka mpaka.

Kigoma! Nikafungua oda yangu. Jina: Rosine. Mtaa: Majengo. Nchi: Burundi.

Ni mimi niliyeandika. Hakuna wa kumsingizia. Nimezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi kilomita chache kutoka hapa, Burundi sijawahi kukanyaga. Lakini sisi wa Katumba tulikua na fomu. Zahanati fomu, shule fomu, kibali cha kutoka makazini kwenda mjini fomu, na kwenye kila fomu palipoandikwa "nchi" baba alitufundisha kuandika neno moja, kwa herufi kubwa, tusije tukaleta matatizo. Uraia tumepata nikiwa mtu mzima. Kitambulisho ninacho kwenye pochi. Mkono haujapata taarifa.

Nilipomwambia mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Akasema angalau kadude kenyewe kalitaka kufika nyumbani. Mimi sikucheka. Nilisikia aibu, na aibu yenyewe sijui ya nini.

Jumanne, 20 Januari

Kamefika: mtu wa mizigo Kigoma aliona namba yangu ya simu ni ya Tanzania, akakarudisha kwa basi, boksi limebonyea pembeni. Siku kumi na saba. Melkiadi, fundi wa TV, kakachomeka jioni hii. Kabla ya kubonyeza chochote kioo kikajaa milima – ya kijani, ukungu unapita taratibu, halafu ziwa, halafu milima mingine. Mama kasogeza kigoda. Kauliza ni wapi pale.

"Ni mapambo tu mama, yanajipitia yenyewe," Melkiadi akasema.

Mama hakumsikiliza. Na mimi sikutaka asikilize. Tulikaa tukiangalia ukungu, chai ikapoa, na kwa muda nilisahau kabisa kwa nini tulinunua kidude.

Tulipofungua chaneli: Akaunti yako ni ya Burundi. Kifaa chako kiko Tanzania. Huduma haipatikani.

Melkiadi kazima, kawasha, kapuliza tundu. Vilevile.

Ijumaa, 23 Januari

Nimeandikiana na huduma kwa wateja asubuhi nzima. Sio mtu, ni dude la kompyuta. "Naelewa unavyojisikia, Rosine." Huelewi kitu, hata jasho huna! Nimeuliza nabadilishaje nchi. Limejibu: mwanachama wa Dhahabu anaweza kubadilisha nchi baada ya siku 365. Nimeuliza tena kwa maneno mengine. Siku 365. Nikaona basi nijitoe nijiunge upya. Una uhakika? Ndiyo. Una uhakika kweli? Ndiyo! Ikatokea picha ya korongo anadondosha chozi, na chini yake: uanachama wako utaisha Januari mwakani, asante kwa kubaki nasi.

Nimemkumbuka baba. Alijaza maombi ya uraia, akasubiri miaka, kila asubuhi anapiga pasi shati lile lile, endapo ataitwa leo. Na hakulalamika, mimi ndiyo nilikuwa nalalamika kwa niaba yake. Nimelia kidogo juu ya sketi ya mteja. Haijaharibika.

Jumapili, 25 Januari

Mama kaitangazia jumuiya nzima. Wanawake tisa watakuja kuangalia misa kwetu! Amewaambia TV yetu inafika Burundi.

Sijamwambia ukweli wote. Nimemwambia kuna kitu kidogo hakijakaa sawa. Mchana wote yeye na milima yake, mikono mapajani, mvua nje, na sikuwa na moyo wa kuongeza neno.

Jumatano, 28 Januari

Nimempata mtu! Baada ya muziki wa kusubiri ambao sasa naweza kuuimba, sauti ya binadamu: Jeniffer, yuko Dar. Nikamweleza. Akauliza:

"Sasa dada, kama wewe ni Mtanzania, kwa nini uliandika Burundi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema nilikosea.

Akasema kuna njia, ila haiko kwenye mfumo wa kawaida. Nitume picha ya kitambulisho, mkubwa wake aidhinishe, saa sabini na mbili. Akaunti ikishasoma Tanzania, chaneli itafunguka, maana huku pia inaruhusiwa. Nikamwambia habari ya misa. Nikamwambia 1972. Sikupanga kumwambia, yalitoka yenyewe. Akasema, "Jamani. Nitakufuatilia mimi mwenyewe, dada Rosine."

Wateja wangu wote wangeongea nami hivyo ningewashonea shati kwa saa moja.

Jumamosi, 31 Januari

Saa sabini na mbili zimeisha, Jeniffer hajapiga. Mama kafua kitenge cha njano, kakianika, kakipiga pasi, kakitundika mlangoni. Kila nikipita kinanigusa bega.

Jumatatu, 2 Februari

Naandika kwenye daftari la vipimo, nimesimama mlangoni. Saa tano kasoro wanawake walishajaa, wengine kwenye jamvi. Mama mbele, kitenge cha njano. Jeniffer hapokei. Nikafungua chaneli nikiwa nimeshajiandaa kuaibika.

Sauti imetoka!

Kioo cheusi, maandishi meupe – picha haipatikani nchini kwako – lakini sauti ipo, safi, kwaya ya Kirundi na ngoma kwa mbali. Melkiadi anasema hajui imepitaje, tusikiguse. Wanawake wamesogea karibu. Mama amesimama anaitikia, kila neno, anakiangalia kioo cheusi kana kwamba kuna kitu.

Simu imeita. Jeniffer! Anaongea haraka, anafurahi. Ombi limepita, dada. Akibonyeza pale alipo, kidude kitajizima na kuwaka upya, kikirudi tutapata kila kitu, na picha.

Kitachukua muda gani?

Dakika kumi. Wakati mwingine saa nzima, inategemea mtandao wa huko.

Na sauti?

"Itakatika kwanza. Ila picha si ndiyo uliyotaka, dada? Nibonyeze?"

Nikamwambia asubiri. Akasema ana nafasi ndogo, mkubwa wake amefungua kwa dakika tano tu, baada ya hapo tunaanza upya na saa sabini na mbili nyingine.

Padri anaita majina. Wako masista watatu wa jubilei. Wa kwanza ameitika, sauti nyembamba. Namwita mama kwa kunong'ona, namuuliza, mama, unataka umwone? Itabidi tumpoteze kidogo kwanza. Sijui kama amenisikia.

Padri ameita Joséline.

"Ndi hano." Niko hapa. Sauti nzito, ya uvivu kidogo, sio ile niliyomtengenezea mimi hata kidogo. Ni sauti ya mama. Wanawake wote wamegeuka kumwangalia mama, walidhani ni yeye aliyejibu.

Mama ameweka kiganja kwenye kioo. "Nanje ndi hano," anamwambia. Nami niko hapa. Mkono mwingine ameunyoosha nyuma kwangu bila kugeuka, vidole wazi, na sijui ananizuia au ananiita. Jeniffer ananiuliza dada upo, dakika imebaki moja, nibonyeze? Padri amemwomba Sista aseme maneno machache. Anavuta pumzi, tunaisikia wote –