Nani Alikutuma Umpigie Mpishi?

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Wasiwasi,

Salamu nyingi sana. Natumaini hujambo, na kile kikohozi kilichokung'ang'ania kimekuachia. Wifi yangu hajambo? Watoto je? Yule mdogo ameota jino la pili, au bado anawalilia tu? Sisi huku hatujambo, ila goti, na goti nitalifikia. Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Haya, salamu zimekwisha. Sasa nakugombeza.

Nimechagua barua kwa makusudi. Kwenye simu huwa unanichekesha. Nikianza tu kufoka unaiga sauti ya mwalimu wetu wa hesabu, nacheka, hasira inaishia hewani, na wewe unakata simu umeshinda. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nimempa jirani anayesafiri kesho kuja huko, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asikubali chai kabla hujaifungua.

Nikukumbushe, maana inaonekana umesahau. Miaka ishirini na miwili nimekanyaga cherehani kwa mguu wa kulia, goti limesagika. Daktari wa mifupa alisema atanipasua, lakini si kwa uzito niliokuwa nao. Nipunguze kilo tisa kabla ya tarehe tano Juni, nipate kitanda. Nisipozipunguza, kitanda apewe mwingine. Nilikuambia siku ile ile. Nikakuambia na nilichokuwa nakitaka: ukija Desemba, nitoke mwenyewe hadi getini kukupokea, bila fimbo wala kushikwa mkono.

Wewe ndiye uliyenitumia simu yenye programu ya kuhesabu kalori. Nilikushukuru na bado nashukuru. Lakini aliyeitengeneza hiyo programu hajawahi kula kwenye mgahawa wa meza sita. Napiga picha sahani, inaniuliza: wali vikombe vingapi? Vikombe vya nani? Mpishi wetu ana kikombe kimoja kilichokatika mkono, na anachotea chumvi. Mafuta anayapima kwa jicho. Orodha ya vyakula ni ubao wenye mistari miwili ya chaki, na mstari wa pili hufutwa kabla sijafika. Na kuacha kula pale siwezi, kwa sababu humu tunamoshonea mumejaa vitambaa vya watu, hata birika la maji haturuhusiwi kulichemsha.

Basi nikamfuata mpishi jikoni, nikamweleza habari za goti na kalori. Alinuna. Alisema yeye anapika, hauzi misumari ya kupima kwa kilo. Nilimbembeleza wiki nzima, nikamshonea na aproni ya mifuko miwili, ndipo akalainika. Tukapatana kwamba nitakuwa na bakuli langu, lile la bluu lenye ufa mdomoni. Tulilijaza wali, nikalibeba hadi kwa muuza mikate wa jirani, tukalipima kwenye mizani yake mbele ya wateja waliokuwa wakituona wendawazimu. Wali bakuli moja, usawa wa mdomo. Maharage upawa mmoja. Mboga za majani nijipakulie, mafuta ya juu hakuna. Jumla kalori mia tano na hamsini, na kila mchana nikawa naandika hivyo hivyo.

Mdogo wangu, ikafanya kazi! Wiki saba, kilo sita. Ile sketi ya kijivu niliibana kiunoni mara mbili. Nikafurahi kama mtoto, nikasimama mlangoni pa mgahawa, muuza mikate akanipiga picha, nikakutumia. Ukanijibu neno moja tu, "Pole." Nikashangaa pole ya nini, nikapuuza.

Baada ya picha ile mizani ikagoma. Wiki ya nane, hakuna kitu. Wiki ya tisa, hakuna kitu. Wiki ya kumi nikaongezeka nusu kilo. Nikadhani nina ugonjwa mwingine. Nikaacha sukari kwenye chai, nikaacha mkate wa asubuhi, nikawa nashona na njaa. Nilipachika mikono ya gauni la mteja nje ndani, nikafumua, nikapachika tena vile vile. Siku hiyo nililia juu ya kitambaa cha mtu, na kitambaa chenyewe hariri.

Ijumaa, tarehe tano, nikapanda mizani ya hospitali. Kilo tano na nusu badala ya tisa. Daktari akachukua simu yangu, akazisoma siku zangu moja moja, kisha akanitazama juu ya miwani. "Mama," akasema, "namba zako nzuri sana. Tatizo mwili wako haujazisoma." Muuguzi akainamisha uso asicheke. Yaani nimeitwa mwongo kwa adabu, mimi ambaye sijawahi kumpunja mteja hata upana wa kidole. Kitanda amepewa mwingine. Nimeambiwa nirudi Desemba nipangiwe upya.

Nikatoka pale nimevimba kwa hasira, na njaa juu yake, nikaenda mgahawani. Bomba la mbele lilikuwa limekauka, nikapita jikoni kunawa. Nikamkuta mpishi amelikumbatia bakuli langu la bluu, anashindilia wali kwa mgongo wa upawa. Anaongeza, anashindilia tena, kama anayefunga gunia la safari. Katikati ya wali, pande la siagi linayeyuka taratibu. Halafu akasawazisha juu vizuri kabisa, usawa wa mdomo, kama tulivyopatana.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

Wala hakushtuka. "Nakulisha. Mdogo wako alinipigia simu. Kaona picha, kasema dada yake kaisha mashavu, nisimwachie apotee. Nami nikamwapia."

Nikauliza namba yake uliipata wapi. Akaninyooshea kidole ukutani. Imechorwa kwa rangi nyekundu pale pale mlangoni, nyuma ya kichwa changu kwenye picha.

Hivi wewe una akili timamu? Unanitumia simu ya kuhesabu chakula, kisha unampigia mtu aivuruge hesabu! Wiki sita nimejinyima mkate, nimejinyima sukari, nimelala na tumbo linanguruma, na mchana nakula vyakula vya watu wawili bila kujua. Nilikuwa namshukuru, unasikia? Kila siku nilikuwa nalirudisha bakuli na kumwambia ahsante, leo nimeshiba vizuri. Naye anatabasamu.

Najua uliona nini kwenye picha ile. Uliona mashavu ya Mama. Ulikuwa darasa la sita, unachungulia mlangoni kwa sababu ulikatazwa kuingia. Mimi nilikuwa ndani. Mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko, na mimi ndiye niliyefuta kidevu alipoutema. Mama alikonda kwa sababu mwili ulimkatalia chakula. Mimi nimekonda kwa sababu nimekataa mwenyewe, kwa akili zangu, nikiwa na njaa nzuri ya mtu mzima. Ungeniuliza ningekuambia. Lakini hukuniuliza, ulikwenda kumwambia mpishi. Hilo linaniuma kuliko goti.

Usidhani mpishi nilimwacha salama. Nilifoka mpaka wateja wakabeba sahani zao nje. Jumamosi na jana sikukanyaga kwake, nimekula mayai ya kuchemsha niliyotoka nayo nyumbani. Leo asubuhi akaja hapa mwenyewe, bakuli la bluu mkononi, aproni yangu kiunoni. Nikajua amekuja kuomba radhi. Wapi! Amekubali kupima sawasawa, bila kushindilia na bila siagi, ila kwa sharti moja, kwamba wewe umfungue. Alikuapia, na kiapo chake havunji, hata kama aliyeapiwa hajawahi kumwona sura. Nikabembeleza, nikatishia kuhamia mgahawa wa mtaa wa pili. "Aliyenituma ndiye aniambie niache," akasema, akaliweka bakuli juu ya cherehani, akaenda zake.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, mpigie. Usimchekeshe, na mwalimu wa hesabu mwache apumzike. Mwambie hivi: dada yangu haumwi, anajiandaa kutembea. Kisha nyamaza.

Desemba sitatoka getini. Utaingia mpaka ndani, utanikuta nimekaa, mguu juu ya stuli, na wewe ndiye utakayeniinua. Niinue polepole, na usiniambie pole.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie gauni lake liko tayari na halina kosa. Wabusu watoto, waambie shangazi yao hajawakasirikia wao. Mjomba fundi saa ukimwona, mwambie saa aliyoitengeneza inakwenda mbele dakika kumi. Baba mdogo anakusalimu, na nimemsimulia kila kitu, kwa hiyo jiandae. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya, na akupunguzie wasiwasi kilo tisa.

Wako akupendaye hata leo alipokunja uso,
Dada Mkubwa.

Nilisahau: namba ya mpishi unayo.