Aliyenifundisha Kufunga Vidole

Chebet mjukuu wangu,

Habari ya huko mbali? Sisi tuko salama. Nasema sisi, lakini ni mimi na paka. Ng'ombe amezaa ndama jike. Siku hizi chai inachunwa na mashine, kwa hivyo sisikii tena watu wakiongea shambani.

Umeniuliza kama ulipoteza muda, kwa sababu makala yako iko kwenye jarida la uchumi mwaka wa tatu sasa na hakuna msomi hata mmoja aliyeitaja.

Nikiwa msichana, kuchuna chai kulinipasua vidole. Nyaboke, msichana wa Kisii tuliyechuna naye, akanionyesha kuvifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nyapara alipoona, akauliza ni nani ameanzisha hiyo. Nikasema ni mimi. Nyaboke alikuwa hapo karibu. Aliendelea kuchuna.

Wasichana wote wakaiga, wakaniita mwalimu. Yeye alirudi kwao, na hatukuonana tena.

Sijui ni nani anatumia kazi yako huku amenyamaza. Lakini wewe ndiye mtu wa kwanza kunisikia nikimtaja Nyaboke.

Ni mimi, kogo wako.