Nilimpa Shangazi Mgongo

Leo Alhamisi. Mvua ya mchana imekatika, lakini matope ya mtaa wetu wa Viwanja Sitini bado yananata kwenye ndala na mbu wameanza mapema. Naandika kwa simu ya binamu yangu Asha kabla hajarudi kutoka sokoni.

Nianze na kosa la zamani. Muhula uliopita nilimpiga mwenzangu wa dawati kwa rula ya chuma, akashonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Alikuwa amecheka jibu langu la hesabu. Hilo tu. Shule ilitaka kunifukuza, kisha mwalimu mkuu akanipa sharti: nihudhurie mafunzo ya kumudu hisia kila Jumamosi, vipindi kumi, bila kukosa hata kimoja. Nikikosa, kidato cha tatu kimeishia hapo. Nitarudi kijijini Mngeta kwa baba, nikapalilie mpunga.

Nimemaliza saba.

Dada Neema, anayetufundisha, hutupeleka hatua kwa hatua. Kwanza tambua mwili unavyobadilika. Mimi masikio hupata moto. Kisha ipe hasira namba, sifuri hadi kumi. Ikizidi saba usijibu neno. Jitenge, nawa uso kwa maji ya baridi, pumua taratibu hadi ishuke. Tunafanya mazoezi wawili wawili, mmoja anamchokoza mwenzake, mwingine anajitenga. Nyumbani tunajaza kadi kila siku. Yangu sijaruka hata siku moja, na nilikuwa nimeanza kujiamini.

Leo nilikuwa ndani najaza hiyo kadi. Uani kulikuwa na mpunga wa Shangazi, ninayeishi kwake, umeanikwa kwenye turubai, na mimi ndiye niliyeachiwa kuuangalia. Sikusikia matone ya kwanza. Shangazi alipofika mbio kutoka kwa jirani, maji yalikuwa yamesimama kwenye turubai. Mpunga ukilowa ukakauka tena hukatika mashineni, unatoka chenga tupu. Alikuwa na haki ya kunisema. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye.

Tuliukokota hadi barazani, kisha akaanza. Nilivumilia hadi alipomfikia mama.

"Mama yako naye alikuwa hivyohivyo. Kazi hana, hasira anazo."

Mama alifariki nikiwa darasa la pili.

Masikio yaliwaka. Tisa. Mkononi nilikuwa na ungo, na nilijua kabisa ungekwenda wapi. Nikauweka chini. Nikageuka, nikaenda kwenye pipa la maji, nikanawa uso mara tatu, nikahesabu pumzi. Tisa ikawa saba, saba ikawa tano. Sijawahi kuishusha hivyo peke yangu. Kwa dakika moja nilikuwa na furaha, naapa.

Halafu nikageuka.

Shangazi alikuwa amesimama, mkono kichwani. "Mimi naongea, mwenzangu ananawa," alisema polepole.

Mama Zuhura, jirani, alikuwa ameshafika kwenye ua. "Ndiyo wanayofundishwa huko Jumamosi, shoga. Ukimsema, anakwenda kuoga kabisa."

"Ni zoezi, Shangazi," nikasema.

"Mimi ni zoezi lako?"

Akasema Jumamosi sitoki, nitakaa hapa nianike mpunga, na huo mgongo wangu nitauonyesha kuta. Akaingia ndani. Hajanisemesha tena.

Nilipokuwa mbaya, angalau nilijua nimefanya nini.

Kadi iko hapa mapajani. Inauliza: umetumia ujuzi gani? Nimeandika, kujitenga. Inauliza: umesaidia? Kuna kisanduku cha ndiyo na cha hapana, na nimekaa na kalamu hewani hadi mkono umechoka. Ungo haukumpata mtu. Lakini nimemwacha mtu mzima akiongea na mgongo wangu, mtu aliyenichukua nisiye na mama, anayeamka kabla yangu kila siku. Katika mazoezi yetu mchokozi huwa msichana wa rika langu. Hakuna hata siku moja tuliyomweka shangazi pale mbele. Wala mimi sikufikiria kuuliza.

Nimelia, nimenyamaza, nimelia tena. Nimewaza kumtafuta Dada Neema aje kumweleza, lakini mgeni kuja kumfundisha Shangazi malezi nyumbani kwake kutaharibu zaidi. Hili ni langu. Nimechoka kuwa na mambo ambayo ni yangu.

Nimeamua hivi. Kesho asubuhi, kabla hajawasha moto, nitakwenda kumwamkia na kupiga magoti. Sitataja zoezi wala kadi. Nitasema nimekosa kumpa mgongo. Nitamwambia jambo la mama linaniumiza. Hilo sijawahi kumwambia yeyote hapa. Kisha nitamwomba kwamba nikizidiwa niwe naaga kwanza: "Shangazi, naomba ruhusa kidogo, nitarudi umalizie." Ruhusa naijua kuiomba darasani hata nikienda chooni. Kwa nini leo nimeondoka kama mwizi?

Baada ya hapo ndipo nitamwomba ruhusa ya kwenda mafunzoni Jumamosi.

Na akisema hapana, nitaweza kubaki palepale chini, mbele ya macho yake, nipumue hadi hasira ipite?