Ndimu ku sura

Siku ya kwanza, 10/6
Bipele bilipona, lakini biliacha madoa meusi ku mashavu. Asubui tena nimepaka maji ya ndimu. Inaunguza. Muzuri, njo kusema inatumika! Hakuna mutu alinifundisha, nilijifunza miye mwenyewe mu telefone. Kisha nikaenda kuuzisha unité za telefone barabarani, jua kali. Siku ya yenga hii korali yetu inaenda kuimba ku ibada, muji ya Beni. Sehemu ya kuimba peke yake, njo yangu. Miye, Masika! Sura inapashwa kuwa safi.

Siku ya tatu, 12/6
Madoa yamepanuka. Kuko moja ya mupya, ndefu, inafwata njia ndimu ilitelemukia mpaka ku kidevu. Sielewe. Nimeongeza ndimu.

Siku ya ine, 13/6
Répétition ya nyimbo. Mama prezida wa korali alinishika kidevu mbele ya bote.
"Mwanangu, unajichubua?"
Sheria ya korali: mwenye kujichubua anakaa ku benchi, haimbe.
"Hapana, mama. Ni ndimu tu."
Kavira, mwenye tunaimba naye sauti moja, akaseka: "Ndimu gani ile, ya mu tube ya crème?"
Bote bakaseka. Nilisikia haya mpaka ku miguu. Ningemupiga.

Siku ya tano, 14/6
Centre de santé. Infirmière mwenye aliniangalia ngozi hakuseka. Aliuliza: unapaka ndimu, kisha unaenda ku jua? Ndiyo. Akasema: njo ile. Ndimu na jua pamoja binaunguza ngozi, nayo inageuka nyeusi. Bipele pia: kidonda kinapona, weusi unabakia. Hapana kusugua. Hapana kupaka crème ya soko. Kofia, crème ya kukinga jua kama naipata, na kungoja. Miezi. Miezi! Miye niko na siku mbili!
Nikakimbia kwa mama prezida, nikamuelezea yote.
"Bote banasemaka vile, mwanangu. Kama ni ndimu, itaondoka, utaimba."
Kavira njo ataimba pa nafasi yangu.

Siku ya yenga, 16/6
Gari ya korali ilitoka asubui. Nabakia nyumbani. Nabachukia. Mungu simuchukie. Ni bao tu.
Mangaribi balituma video. Kanisa ya Beni imejaa, batu banasimama mpaka ku mulango. Nilingojea Kavira apotee pale sauti inapanda. Hakupotea. Aliimba muzuri kunipita.
Mama yangu alikuwa anachambua maharagi. Akauliza ni nani anaimba vile.
Nikamujibu: Kavira.