Bariere ya Mvua Haina Shemeji

Mama Dorothée wa redio,

Nakuandikia unisaidie, kichwa yangu imechoka na nyumba yangu inataka kuanguka. Mimi naitwa Verdiane, unaweza kutaja jina langu, huku kwetu ku njia ya Kashuga watu wote wanajua habari tayari na kujificha ni kujichosha bure. Kazi yangu ni kulinda bariere ya mvua. Haiko zile bariere zingine unazijua, za watu wa bunduki wenye kuvuta kamba na kuomba pesa, hapana, yangu ni muti moja ya mukaratusi tulifunga jiwe ku mwisho, komite yetu ya barabara njo ilinipa kazi, na sheria iko moja: mvua ikikatika, gari inangoja masaa ine mpaka njia inywe maji, inapita tu ambulance yenye kubeba mugonjwa. Muntu wa miguu anapita saa yote. Ata ngombe inapita.

Sasa sikia, Mama. Wakati ya kampeni shemeji yangu Darius alikuja huku kuomba kura, mama yake na mama ya bwana yangu Raphaël ni tumbo moja, kwa hiyo kwetu yeye ni mutoto wa nyumba, na mvua ilikuwa imekatika ata nusu saa haijapita, akaniambia shemeji nifungulie, watu wananingoja, hii njia njo nitaanza nayo nikichaguliwa, na mimi nikafungua, juu ya haya, na juu ya sifa pia, sikufiche. Nyuma yake kamio, lori kubwa ya mihogo, ikapita kwa nguvu, dereva anasema kama mukubwa anapita na ye anapita, ikazama mu kona, njia ikakatika siku kumi na moja. Mu zile siku, muke ya mutoto wa jirani yetu Mama Anastasie alishikwa na uchungu wa kuzaa, tukamubeba ku kipoyi, kile kitanda cha miti, wanaume wane wanabadilishana mabega mu matope, na mutoto mwenye alikuwa anazaliwa akafia mu njia. Alikuwa mwanaume. Mama Anastasie hajanisemea neno mubaya ata siku moja, anapita hapa na mabunda yake ya maharagi, ananisalimia, "Verdiane, umeamka?", na ile salamu inanichoma kuliko matusi. Darius yeye tulimuchagua, akawa deputé, mubunge wetu, akawa Honorable, akaenda kukaa Goma, na njia iko vile vile.

Mwezi moja iliyopita mama yake, Mama Mukasine, akakufa kule kijijini, upande ingine ya mulima. Mazishi iliwekwa saa ya nane. Mimi sikuweza kuacha kazi, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na ilikatika saa ya tano. Kwanza ikafika kamionete, gari ndogo ya mizigo, yenye wamama wa kilio, nikawasimamisha, wakalia kidogo, wakashuka, nikawaonyesha kanjia ka miguu kenye kanapita mu mashamba ya mihogo na kanashukia moja kwa moja kwa Mama Mukasine, saa moja na nusu unafika, na mumoja mwenye kuumwa magoti nikamukatia fimbo. Saa ya sita ikafika jipu ya Honorable. Dereva anapiga honi. Anapiga tena. Anatoa kichwa, anasema, "Mama, wee! Honorable hangojaka!" Nikamujibu, "Hapa Honorable ni mvua." Wamotari, wale wa pikipiki wenye walikuwa wanangoja pale, wakacheka mpaka wakashika tumbo. Darius yeye akafunga kioo akaanza kupiga simu, na kisha kidogo simu yangu ikalia, ni Papa Nzabandora, chef wetu wa komite, anasema, "Verdiane, wakubwa wamenituma nikuambie ufungue. Sasa nimekuambia." Akakata. Ata hakungoja jibu, masikini, na ye anaogopa kule na anaogopa huku.

Sikufungua. Kwa saa ya saba Darius akateremusha kioo, macho mekundu, akasema polepole, "Shemeji, ni mama yangu." Mama Dorothée, hapa njo nafika ku neno yenye sijamwambia muntu, ata padri. Nilimuangalia na nikasikia utamu. Utamu kabisa, mu kifua. Nikawaza mutoto wa kipoyi, nikawaza siku kumi na moja, nikasema mu roho, leo na we kaa, usikie vile tunasikiaka. Nikamwambia masaa ine ni masaa ine. Nikageuka nikaenda kukaa. Ile kanjia ilikuwa nyuma ya mugongo wangu, na sikumwambia kitu.

Kule chini walingoja kidogo, lakini mawingu ikaanza kufunga tena na kaburi ingejaa maji, wakazika. Nilifungua saa ya tisa, dakika yake. Raphaël alikuwa kule, njo aliniambia: jipu ilifika watu wakiosha majembe, Honorable akashuka, akalala juu ya ule udongo mupya na suti yake, akaita mama yake kwa jina lenye alikuwa anamuitaka utotoni. Tangu ile siku Raphaël hakuli chakula nilipika. Familia wamekaa, wamekata neno: Jumamosi ya kumaliza kilio nilete mbuzi, nipige magoti mbele ya watu wote, niseme nilikosea kumufungia Honorable njia, kama sivyo nirudi kwetu na sufuria zangu. Yeye Darius mwenyewe hajasema neno, ata moja. Na huku ku njia wamotari wananiita Mama Sheria, wananipigia honi ya furaha, nami nataka kuingia chini ya udongo. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Mama. Nipige magoti ao nifunge mizigo? Na ule tulimuchagua, iko na haki ya kupita fasi wengine wanasimama? Uniambie, juu Jumamosi iko karibu.

Mimi Verdiane, mulinzi wa bariere.

*

Verdiane, dada yangu,

Nilisoma barua yako nikiweka sukari mu chai, na chai ikapoa. Hii jibu nakutumia ku karatasi, sitaisoma mu redio, juu ya ile neno yenye haujamwambia muntu. Pole. Pole ya kilio, juu Mama Mukasine, ndugu ya mama ya bwana yako, alikuwa mama mukwe wako na we, na katika kelele hii yote sioni fasi muntu alikupa pole.

Tuanze na mbuzi, tumalize mbuzi. Usipeleke. Mbuzi ya malipo inapelekwa na muntu aliyekosa, na kufunga bariere haukukosa. Wazee walisema mwenye nguvu mupishe, ni kweli, lakini matope haijasikiaka ile mezali. Jipu ya deputé iko na uzito sawa jipu ya muntu yeyote, na shimo yenye inachimba, ni muke ya mutoto wa Anastasie anaangukia ndani. Honorable tunamuheshimu. Akifika kwangu nitamupa kiti kizuri kuliko vyote na nitamuita Honorable mbele ya watoto wangu. Kura yetu ilimupa kazi ya kutusemea kule ku bunge wanakata maneno. Haikumupa njia kavu wakati wengine wako na njia ya maji. Ule mwenye dereva yake anasema "Honorable hangojaka", na anakula mushahara wa watu wenye kungoja kila siku, ku maji, ku hospitali, ku bariere, ule anatukana wenye walimutuma. Na familia yako wanajua vile. Wanapenda tu kuwa na mukubwa mu nyumba, na mukubwa mwenye anasimama pamoja na wamotari anawapunguza.

Papa Nzabandora, umusomee hii toka kwangu: aibu kidogo, Papa. Kama unaweza kumutuma mwanamuke asimamie sheria yako, simama nyuma yake.

Sasa, Verdiane, kaa vizuri, juu nitakugombeza na sitaki uniambie Mama Dorothée hana huruma. Ile siku ulisimamisha gari zote. Vizuri. Na kila muntu wa kilio ulimuonyesha kanjia, na mwenye magoti mubaya ukamukatia fimbo. Vizuri sana. Muntu moja tu haukumuonyesha. Saa ya sita alikuwa mbele yako, mazishi ni saa ya nane, kutembea ni saa moja na nusu. Hesabu mwenyewe, ama umekwisha kuihesabu kila siku. Wewe uliandika mistari mingi juu ya bariere, na kanjia ukakafichia mu maneno mafupi. Mimi njo hapo nilisimama. Ule muntu hapaswi kupata zaidi yetu, hapo tunasikilizana. Lakini hapaswi kupata kidogo kuliko sisi. Kile ulimupa kila mama wa matope, yeye ulimunyima, juu tu iko deputé. Hiyo haikuwa sheria tena, dada. Ilikuwa ni kulipiza.

Najua utasema: asingetembea, na viatu vyake vile. Labda. Na tena alizaliwa ule mulima, kanjia alikuwa anakajua akiwa mutoto, na miaka ya jipu imemusahaulisha miguu yake. Hiyo ni yake, atajibu mwenyewe, na mi nafikiri anajijibu, njo maana ananyamaza. Muntu mwenye hakika kwamba ulimukosea, na iko na simu ya wakubwa wote, hangenyamaza mwezi muzima. Lakini haukumuachia achague. Ungemwambia mara moja, "Shemeji, gari hapana, lakini pitia huku," leo ungelala.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Kesho ao kesho kutwa, mwambie Raphaël kila kitu, na ile ya utamu usiiache. Atakasirika. Muache akasirike, halafu mwambie unaenda kwa ndugu yake na unataka muende wote wawili. Kama anakataa, chukua mukubwa mumoja wa familia mwenye masikio, dada yake mukubwa ao muntu wa kanisa, uende naye. Peleka kile mukamwana, muke aliyeolewa mu familia, anapelekaka ku kilio: unga, maharagi, muzigo wa kuni. Ukifika, omba kusema na Darius pembeni, bila wazee, bila wamotari, bila muntu wa kupiga picha. Bariere usiiombee samahani. Akitaja bariere, mwambie mvua ikinyesha kesho utafunga tena, na yeye kwanza, na umwambie pia jina la Mama Anastasie na kile kilipita ku kipoyi, juu inawezekana kule Goma hakuna muntu alimwambia. Kisha omba samahani ya kanjia. Ile kosa yote ni yako.

Jumamosi ukae katikati ya wamama wengine, upike, ulie mama mukwe wako, juu haujamulia bado. Mwenye kutaka upige magoti mbele ya watu, mujibu umekwisha kusema na mwenye kilio, basi. Na Raphaël umusomee hii: muke wa ndoa ya miaka kumi na tisa harudishwi kwao na sufuria juu alifanya kazi yake. Kula chakula.

Na wale wenye kukuita Mama Sheria, uwanyamazishe. Hawajui kile unajua.

Jambo la mwisho, na hili njo gumu. Utakapomwambia Darius kwamba kanjia kalikuwa pale nyuma yako, atakuuliza kwa nini haukusema. Mulomo wako utataka kukimbia. Usimwambie ulisahau.

Mama Dorothée