Neno Ikulu na Milango ya Babu Yangu

Mwalimu Maganga, mtani wangu,

Shikamoo. Ungekuwa hai nisingekupa hiyo shikamoo hata kwa kushikiwa panga, Mzaramo hamwamkii Mnyamwezi. Leo chukua tu.

Siku tuliyokuzika kule Soga nilifanya kazi yangu ya utani sawasawa. Nililala njiani mbele ya jeneza, wanaume tisa wakashindwa kuninyanyua, mpaka wanao waliponipa jogoo. Watu walicheka. Nimefika nyumbani, jogoo sikumla. Nimekaa namtazama.

Sasa kuna jambo. Nyamizi, binti yako, anamalizia lile daftari lako la maneno ya serikali na yalikotoka. Walimu wa Kisarawe wanataka kulichapa wafundishie. Juzi kanifuata huku Mzenga. "Mjomba, baba kakuandika ukurasa mzima. Soma, uweke sahihi."

Nikasoma. "Ikulu: kwetu Unyamwezi ni makazi ya mtemi. Ila mtani wangu anasema neno ni la babu yake, aliyejenga nyumba ya milango kumi na minane, Mjerumani akaja kuliazima."

Mwalimu, nilikuwa nakuchokoza! Tulikuwa tunamenya mihogo, ukanitukana kwamba Wazaramo hatujawahi kutawala hata kuku. Ningenyamaza? Ukaandika, nami nikavimba. Tangu hapo kila msiba, kila harusi, nawaambia watu babu yangu yumo kwenye daftari la mwalimu.

Na kalamu ilikuwa mkononi. Sahihi moja tu, babu anaingia shuleni, mjukuu wake niliishia darasa la tano!

Nikamwambia Nyamizi ukweli. Babu alikuwa na kibanda cha vyumba viwili, mlango mmoja, na huo wenyewe ulikuwa jamvi. Hakucheka. Akasema, "Basi futa mwenyewe, Mjomba. Mimi mwandiko wa baba siwezi kuugusa."

Hata mimi, Mwalimu... Nilipiga mstari mmoja mwembamba. Maneno yako bado yanasomeka. Kisha nikaandika lile nililokunyima kwa kiburi: bibi yangu, kwa Kizaramo, mkubwa wa ukoo alimwita mkulu. Nyamizi akaruka. Akasema mkulu na ikulu yenu ni ndugu wa damu, shina ni moja, kulu, na Waganda wanalo, na Wazulu kule kusini wanalo, kote ni ukubwa. Miaka yote tunanyang'anyana kitu ambacho bibi zetu wote walikuwa nacho mdomoni.

Siku ya kulizindua daftari nitasimama Kisarawe mbele ya walimu, niseme kwa kinywa changu kwamba jina la nyumba ya rais lilitoka kwenu. Nitasema polepole, wote waandike. Nakuahidi. Mzaramo anakiri hadharani, na wewe hupo kunizomea! Hilo ndilo linaniuma.

Pumzika, Mwalimu. Huku hakuna tena wa kunitukana nikajisikia mtu.

Mtani wako,
Kondo wa Mzenga